Mbwa wako kaumwa ghafla na anazidi kuisha: cha kufanya hatua kwa hatua

Hii ni kwa wote wenye mbwa nyumbani, awe koko anayelinda geti au shepadi uliyemnunua kwa hela ya kujichanga, na ni ya kusoma kabla haijakukuta manake ikishakukuta kichwa hakifanyi kazi. Jana jioni kakupokea getini anarukaruka, leo asubuhi kalala barazani, bakuli la jana limejaa sisimizi, ukimwita anatikisa ncha ya mkia tu basi. Hapo watu wengi wanafanya moja kati ya mawili, ama wanasubiri "labda kesho ataamka poa", ama wanakimbilia duka la dawa za mifugo kununua sindano wamchome wenyewe. Yote mawili yanaua mbwa kila siku. Nimekua na mbwa, nimewauguza, wengine wamepona na wengine nimewazika, na msimamo wangu ni huu: mwanzoni mpiganie kwa haraka na kwa nguvu zote, ila ikifika mahali mwili umekataa basi unayemsikiliza ni yeye, sio hamu yako ya kuendelea kuwa nae.

Hatua ya 1: Kabla hujamgusa, fikiria kichaa

Naanza na hili kwa sababu linahusu uhai wako na wa watoto wako. Kama mbwa hana chanjo ya kichaa au imepitwa na muda, na tabia yake imebadilika, yaani kawa mkali bila sababu au kawa mpole kupita kiasi, anajificha gizani, mate yanachuruzika, taya la chini linaning'inia, sauti ya kubweka imebadilika, anapepesuka, usimtie mkono mdomoni hata kidogo. Watu wengi wanadhani mfupa umemkwama kooni wanaingiza vidole kuutoa, na hivo ndo mtu anajipeleka kwenye ugonjwa ambao dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Mfungie banda au chumba, watoto wakae mbali, piga simu kwa daktari wa mifugo au ofisi ya mifugo ya kata. Kama kashamng'ata mtu, kamkwaruza, au kamlamba kwenye kidonda, osha hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, afu hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Usisubiri kuona mbwa atafia wapi.

Kama huoni hayo na chanjo ziko sawa, endelea.

Hatua ya 2: Msome mwili wake, andika kwenye simu

Kaa sakafuni pembeni yake, usimsimamie kwa juu, ongea nae kwa sauti ileile ya siku zote. Mbwa mwenye maumivu anaweza kung'ata hata mkono unaomlisha kwaiyo mfunge mdomo kwa kitambaa laini, isipokuwa kama anatapika au anahema kwa shida, huyo usimfunge kabisa.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu kwa pembeni, pale kwenye jino la chonge, uangalie nyama iliyo juu ya jino. Kwa mbwa mzima ni ya pinki na ina unyevu. Bonyeza kwa kidole gumba mpaka pawe peupe, achia, rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Ikiwa nyeupe imepauka, damu imepungua au haizunguki vizuri. Ikiwa ya njano, ini lina shida au damu inavunjikavunjika. Ikiwa ya bluu au zambarau, hapati hewa. Ikiwa nyekundu sana tena kavu, ana homa kali au joto limemzidi. Kuna mbwa wana fizi nyeusi za kuzaliwa nazo, hao wafunue kope la chini uangalie nyama ya ndani. Hiki kitendo cha nusu dakika kinakwambia mengi kuliko kumshika pua, na hilo la pua kavu sijui pua baridi achana nalo, halina maana.

Joto pima kwa kipimajoto cha kawaida cha famasi, kile cha namba, kipake mafuta ya kujipaka kidogo uingize taratibu njia ya haja kubwa, afu hicho kibaki cha mbwa. Kawaida ni kati ya 38 na 39.2, sisi binadamu tungeita homa ila kwake ndo uzima. Ikipita 39.5 ana homa, ikifika 40 usilale nalo, ikifika 41 ni hatari kubwa. Na mbwa aliyekuwa na homa afu ghafla kashuka chini ya 37.5 usifurahi, huyo ndo anazidiwa.

Akiwa ametulia hesabu kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika, 10 mpaka 30 ni sawa. Vuta ngozi ya katikati ya mabega uiachie, ikichelewa kurudi mahali pake kaishiwa maji. Piga picha mkojo, mavi na matapishi, usione kinyaa, daktari atakushukuru. Afu tafuta kupe: ndani ya masikio, katikati ya vidole, kwapani, chini ya mkia, chini ya mkanda wa shingoni.

Muulize na anayemlisha. Nyumba nyingi sisi tunaojiita wenye mbwa tunarudi usiku, anayejua kuwa tangu juzi Simba anaramba tu chakula na kuondoka ni dada wa kazi au mlinzi. Muulize kwa upole, ukienda kwa ukali atakwambia hajui kitu, na wewe unahitaji ukweli wake sa hivi.

Hatua ya 3: Zipi sio za kusubiri asubuhi

Tumbo limevimba gumu na anajaribu kutapika hakitoki kitu, hasa mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, hilo ni tumbo limejisokota, una masaa machache na tiba yake ni upasuaji. Jike asiyefungwa kizazi ambaye alikuwa kwenye joto la kutaka dume mwezi mmoja au miwili iliyopita, sa hivi hali, anakunywa maji mengi, usaha unatoka nyuma au hautoki ila tumbo limejaa, hicho kizazi kimejaa usaha na usipotoka leo unaweza usimkute. Mtoto wa mbwa anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, mara nyingi ni pavo, ugonjwa wa virusi, na mtoto anaweza kukauka maji mwilini ndani ya siku moja. Degedege inayopita dakika 5 au inayojirudia. Fizi nyeupe. Anahema mdomo wazi shingo kainyoosha.

Na sumu. Mitaa yetu tunaijua, mwizi akitaka kuingia anarusha nyama usiku. Sumu za wadudu zinamfanya atetemeke, mate yamtoke, mboni za macho ziwe ndogo, ajisaidie ovyo, hapo ni dakika tu na daktari ana atropini, dawa ya sumu hizo. Zile sumu za panya zinazozuia damu kuganda ndo zinadanganya zaidi, anakula leo anaonekana mzima, baada ya siku 3 mpaka 5 ndo damu inaanza puani, kwenye fizi, kwenye mkojo, au inavujia ndani humwoni anatoka damu ila anapauka tu. Akiwahiwa, vitamini K1 inaokoa, na inatolewa kwa wiki kadhaa sio sindano moja. Ukiona pakiti, chupa au mabaki ya nyama, weka kwenye mfuko uende nayo.

Hatua ya 4: Usimpe kitu

Hapa nitasema kwa mkazo. Panado hapana, ibuprofen hapana, diclofenac hapana, hata kipande, hizi zinaharibu ini, figo na tumbo la mbwa kwa dozi ambazo wewe unaona ndogo. Maziwa hayaondoi sumu, hiyo tumerithi tu, na ukimmiminia mdomoni mbwa anayetetemeka yanaingia kwenye mapafu. Usimtapishe mbwa asiye na fahamu timamu au mwenye degedege. Ivermectin ya ng'ombe usimchome, dozi imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mamia, na baadhi ya mbegu, hasa koli na mchanganyiko wake, ubongo unaathirika hata kwa kiasi kidogo. Na ile sindano maarufu ya nagana ya ng'ombe, Berenil na ndugu zake, inatibu kweli lakini kwa mbwa nafasi kati ya dozi inayoponya na dozi inayoua ni ndogo, ukikosea uzito kidogo anaanza kupepesuka na kukakamaa shingo na hapo daktari hana cha kurudisha nyuma. Imewahi kutokea jirani kamchoma mbwa vizuri akapona, sawa, ila hao waliokufa hakuna anayekusimulia.

Maji mpe kama hatapiki, kidogokidogo. Chakula asipotaka usimlazimishe.

Hatua ya 5: Daktari yupi, na unamfikishaje

Tafuta daktari wa mifugo aliyesajiliwa na anayetibu mbwa kila siku. Wengi wetu tunao wale wa ng'ombe na kuku, ni watu wazuri, lakini mbwa ni habari nyingine. Tanzania kuna hospitali ya wanyama ya SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, pale Morogoro, Nairobi kuna kliniki ya chuo kikuu Kabete, Kampala kuna Makerere, na mijini kliniki binafsi zipo. Namba iwe kwenye simu tangu leo ukiwa umetulia, na uwaulize kabisa usiku wanafungua au la.

Daktari akija nyumbani na begi lake sio mbaya, kwa mbwa aliyezidiwa ni nafuu, ila akitaka kuchoma antibayotiki na multivitamini bila kupima chochote muulize kwa heshima, "Dokta, tunatibu nini hapa? Tunaweza kuchukua damu kwanza?" Damu ikishachukuliwa kwenye chupa yake inaweza kupelekwa maabara, kwa Dar kuna ya wakala wa maabara ya veterinari pale Temeke. Damu ichukuliwe kabla ya dawa, baadae majibu yanaweza kupotea.

Usafiri unasumbua. Madereva wengi wanakataa mbwa, kwaiyo piga simu umwambie ukweli, beba turubai na shuka za kutandika, ongeza na ya kuoshea gari. Mbwa asiyeweza kusimama usimbebe kwa miguu kama mbuzi, mlaze kwenye ubao au shuka nene mshike watu wawili kila mmoja upande wake. Asiyehema vizuri mwache akae alivyochagua mwenyewe. Madirisha wazi.

Hatua ya 6: Homa ya kupe, manake kwetu mara nyingi ndo yenyewe

Nitakaa hapa kidogo. Ukisikia mbwa kaanguka ghafla huku kwetu, baada ya sumu na pavo, cha kufikiria ni kupe, na ndani ya hilo jina "homa ya kupe" kuna magonjwa tofauti.

La kwanza ni babesia. Ni vijidudu vinavyoingia ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Kuanzia kung'atwa mpaka kuumwa ni kama siku 10 mpaka 21, afu kinakuja kwa kishindo: homa, hali, fizi zinapauka au zinakuwa njano, na mkojo unakuwa wa rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Ukiuona huo mkojo kwenye sakafu ya simenti usijiulize mara mbili, hiyo ni damu yake iliyopasuka inatoka. Daktari anachukua tone la damu, mara nyingi kwenye ncha ya sikio, anapaka kwenye kioo anaangalia kwenye hadubini, na anaweza kuwaona palepale.

La pili ni ehrlichia, hili ndo linaumiza roho kwa sababu linakuja kimyakimya. Baada ya kung'atwa mbwa anaumwa wiki mbili tatu, homa kidogo, uvivu, afu anaonekana kapona mwenyewe wakati vijidudu vimejificha mwilini, na anaweza kukaa hivo miezi au hata miaka. Siku mwili unapochoka unaona damu puani, madoadoa mekundu tumboni, anakonda, macho yanakuwa na ukungu, uboho wa mifupa haitengenezi damu tena. Wewe unasema kaumwa ghafla wakati kupe alishafanya kazi yake zamani. Nalisema hili kwa ajili yako unaejilaumu usiku kuwa ungeona mapema, mara nyingi hakukuwa na cha kuona.

Dawa ya ehrlichia ni doxycycline, kawaida siku 28, na wengi wanaacha siku ya kumi wakiona mbwa anakula. Maliza zote. Mpe baada ya chakula na asukumie na maji, kile kidonge kikikwama kooni kinaunguza, na usimpe na maziwa manake yanazuia dawa isiingie mwilini. Babesia inatibiwa kwa sindano za daktari, na wakati mwingine anakuwa na yote mawili kwa pamoja, kwaiyo uliza kama wamepima yote.

Damu ikiwa chini sana daktari atataka aongezewe, na huku kwetu huwezi kutegemea ukute imehifadhiwa mahali, inatoka kwa mbwa mwingine mzima. Anatakiwa awe mkubwa, kilo 25 kwenda juu, mwenye chanjo, asiye na kupe. Anza kuulizia kwa majirani na jamaa mapema, saa nane usiku sio muda wa kumshawishi mtu atoe damu ya mbwa wake. Mbwa ambaye hajawahi kuongezewa mara nyingi anapokea ile ya kwanza bila shida kubwa, ila kupima kama zinaendana ni bora kama vifaa vipo.

Kabla hujaondoka muulize daktari mambo haya na umrekodi kwa simu kama anaruhusu manake hutakumbuka: ni ugonjwa gani au anahisi nini, nafasi ya kupona ikoje kwa hali hii, dalili gani nikiiona nirudi usiku, na gharama ni shilingi ngapi kwa hatua hii na hatua inayofuata. La hela liseme wazi. Sema "Dokta nina kiasi hiki, tuanze na kipimo gani na dawa gani za lazima?" Daktari mzuri hatakudharau, atapanga. Kinachoua ni kunyamaza kwa aibu halafu kutorudi.

Hatua ya 7: Kumuuguza nyumbani

Mtafutie sehemu yenye kivuli, hewa na utulivu, mbali na geti manake kila hodi atajaribu kuinuka kwenda kufanya kazi yake, hawa viumbe hata wakiumwa wanajisikia wana zamu. Tandika godoro la zamani juu yake nailoni juu yake khanga, khanga zinafulika kirahisi. Asiyeweza kugeuka mgeuze wewe kila baada ya masaa machache, mchana na usiku, la sivyo viwiko na nyonga vinapata vidonda. Mkojo ukimgusa mfute kwa maji ya uvuguvugu umkaushe, nzi wakitaga hapo ni balaa jingine.

Chakula: wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, hakuna kitunguu, hakuna kitunguu saumu, hakuna chumvi wala viungo. Kijiko kimoja kimoja, mara nyingi, chenye joto kidogo ili kinukie. Wengine hawali bakulini ila mkononi mwako watachukua, na hapo usiseme unamdekeza, muda wa kumdekeza ndo huu. Weka maji karibu na pua yake asilazimike kuinuka.

Pangeni zamu. Mmoja dawa za asubuhi, mwingine usiku, karatasi ukutani mnatiki. Mtu mmoja akibeba yote anachoka na mgonjwa anakosa dozi.

Hatua ya 8: Akiwa haponi

Kuna mbwa wanageuka, siku ya pili baada ya sindano kainua kichwa, ya tatu kaomba chakula. Na kuna ambao dawa sahihi, daktari sahihi, pesa imetoka, na bado anaisha. Figo zimefeli, uboho umekufa, uvimbe umesambaa. Shida ya sisi tunaowapenda ni kwamba tunaishi kwa vijisiku vizuri, leo katikisa mkia tunasema anapona, tunasahau zile siku tano alizolia usiku.

Kwaiyo andika. Daktari mmoja Mmarekani, Alice Villalobos, alitengeneza kipimo chenye vitu 7, kila kimoja unampa maksi 0 mpaka 10: maumivu (na hapo ndani kuna kuhema), kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Jumla ikipita 35 maisha yake bado yanavumilika, ikiwa chini na inazidi kushuka ni wakati wa kuongea na daktari kuhusu kumpumzisha. Jaza kila jioni, na mwambie mtu mwingine wa nyumbani ajaze kivyake bila kuangalia zako, afu linganisheni. Mara nyingi wewe umempa nyingi.

Binafsi naangalia na vitu vyake mwenyewe. Kila mbwa ana vitatu vinne vinavyomfanya awe yeye, labda ni kukupokea getini, kubwekea bodaboda, kulala mlangoni kwa mama, kugombania mfupa. Viandike. Vikiisha vyote na havirudi na dawa, anayebaki pale ni mwili unaoteseka.

Hatua ya 9: Sindano ya mwisho

Najua kwetu hili ni gumu. Wengine dini inawapa wasiwasi, wengine wanaona ni kuua, wengine wanamwachia "afe kwa siku yake" nyuma ya banda. Mimi nasema, baada ya kuona mbwa akilia siku nyingi kwa maumivu yasiyozuilika, kumwacha pale na dawa ya kumpumzisha ipo sio huruma. Na naomba sana usimpe mtu ampige risasi au rungu au amtupe mbali na gunia, wala usimpe sumu. Ni daktari.

Muulize kabla: utatumia dawa gani, utaanza na ya usingizi? Utaratibu mzuri ni sindano ya kwanza inamlaza kabisa, hajui kitu, ya pili ya mshipa inasimamisha ubongo na moyo kwa dozi kubwa ya dawa ya usingizi. Daktari akikwambia atachoma dawa ya kulegeza misuli peke yake bila usingizi, kataa, huyo mbwa atakuwa na fahamu huku anashindwa kuhema. Uliza pia kama inaweza kufanyika nyumbani.

Ukiweza kaa nae. Kichwa chake mapajani kwako, mkono nyuma ya sikio pale anapopenda kukunwa. Utaona anapumua kwa kina, kichwa kinakuwa kizito, ulimi unalegea. Baada ya ile ya pili ni dakika chache. Macho hayafumbi, yanabaki wazi, na anaweza kuvuta pumzi moja mbili kwa kushtuka au misuli ikacheza au akajikojolea baada ya moyo kusimama, daktari akisikiliza atakuthibitishia kashaondoka, hiyo ni misuli tu na hasikii chochote. Nakwambia mapema usije ukadhani kaamka.

Hatua ya 10: Kuzika, na watu wa nyumbani

Chimba angalau mita 1, mbali na kisima na bomba, mfunge kwenye shuka sio nailoni, jaza udongo vizuri na juu weka mawe mazito. Kama kapumzishwa kwa sindano ni lazima kina kiwe cha kutosha, ile dawa inabaki mwilini na mbwa wengine au ndege wakifukua inawaua. Ukiwa umepanga na huna uwanja ongea na kliniki au ndugu mwenye shamba, usimpeleke jalalani. Isipokuwa aliyeshukiwa kichaa, huyo usimguse wala usimzike kabla mtu wa mifugo hajaja, kichwa kinatakiwa maabara, na majibu yake ndo yanasaidia kujua nani achanjwe.

Watoto waambie ukweli, kafa, hatarudi. Ukisema katoroka watamsubiri getini na kumtafuta mtaani. Waache waweke maua, waandike jina kwenye ubao. Mlinzi na dada nao waite, walikuwa nae masaa mengi kuliko wewe.

Maneno utayasikia. "We mtu mzima unalilia mbwa?" Kwa wale wa Pwani utaambiwa na mambo ya najisi. Usibishane, hukmu za usafi zinajulikana na unaweza kuzifuata vizuri tu ukiwa na glavu na maji, na ileile dini ina hadithi ya aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake akasamehewa. Kulia lia. Omba ruhusa ya siku moja kazini kama unaweza, hata kama utalazimika kusema tu una msiba wa nyumbani.

Kama kuna mbwa mwingine nyumbani, wiki hiyohiyo apimwe damu na apewe kinga ya kupe, manake kaishi banda moja na marehemu. Anaweza kususa chakula na kuzungukazunguka akimtafuta, muongezee matembezi na umlishe kwa saa zilezile. Banda lisafishe lote: kupe wa mbwa hawa wa kahawia wanapanda ukutani, wanajificha kwenye nyufa, na mkubwa asiyekula anaweza kuishi zaidi ya mwaka akisubiri. Ziba nyufa, choma matandiko, piga dawa ya kupe na urudie kama daktari atakavyokuelekeza, wakati dawa mbichi mbwa asiwepo. Kama kilichomuua ni pavo, virusi vinakaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni peke yake haitoshi, sakafu ioshwe kwanza afu imwagiwe jiki, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, ikae dakika 10. Na usilete mtoto wa mbwa hapo mpaka amalize chanjo zake, zinaanza wiki ya 6 mpaka 8 na zinarudiwa kila wiki chache mpaka afike angalau wiki ya 16. Usiruke ile ya distempa ukidhani ni ya mbwa wa matajiri, mwaka 1994 ugonjwa huohuo, ambao inaaminika ulitoka kwa mbwa wa vijijini, uliua karibu simba 1,000 Serengeti, theluthi ya wote. Ya kichaa nayo ulizia ofisi ya mifugo ya kata, mara nyingi wanachanja bure au kwa hela ndogo kuelekea tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, nenda na kadi, kamba na kitambaa cha kufungia mdomo.